Breki za Ejo

(Sehemu ya tisa)

Msomaji, wiki nzima Esteri amesimama mahakamani Kasulu, karatasi mkononi, mdomo wazi. Wewe umekwenda shamba ukarudi, umekula, umelala, yeye yuko palepale. Sasa tumruhusu afunge mdomo.

Kwa aliyechelewa: Esteri ni mjane. Mumewe, Nizigiyimana, aligongwa na lori la Evaristi kwenye mteremko wa Nyamgali, mwezi Mei mwaka jana, 1998, akisukuma baiskeli, akirudi kutoka kuuza maharage kambini Nyarugusu. Polisi waliandika kwamba marehemu alisababisha ajali kwa uzembe wake mwenyewe. Yaani mtu anayesukuma baiskeli kupanda mlima alilifuata lori linaloshuka, akajigonga nalo. Wakubwa walisoma, wakapiga muhuri.

Esteri anataka mambo mawili tu. Mahakama iseme kwamba mumewe aliuawa na lori lisilo na breki. Na mwenye lori awasomeshe watoto wanne walioachwa. Hana wakili. Ana Mzee Tharsisi, karani mstaafu mwenye taipureta, aliyemwandikia madai yote kisha akajaza herufi ya k kwa kalamu, maana taipureta hiyo haina k.

Wiki iliyopita wakili wa Evaristi alitoa karatasi kwenye mkoba wake. Ni maelezo ya fundi aliyewaambia polisi kwamba breki za lori zilitengenezwa siku moja kabla ya ajali. Esteri akasoma jina la fundi chini. Pasikali.

"Unamfahamu huyu?" wakili akauliza.

"Ni kaka yangu."

"Majina yenu hayafanani."

"Kwetu kila mtoto ana jina lake. Hatuazimani."

Watu wakacheka. Wakili hakucheka.

"Kaka wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Basi kaka yako wa tumbo moja anasema breki zilikuwa nzima. Wewe unasema zilikuwa mbovu. Hebu tuambie, mama, kati yako na yeye, nani alikuwa chini ya lori?"

"Mume wangu," Esteri akajibu.

Hakimu, mama wa Tanga aliyehamishiwa Kasulu miezi miwili nyuma, alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na kitu.

"Fundi aletwe Ijumaa," akasema. "Asipokuja, maelezo yake yatachukuliwa kama yalivyo."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

*

Njia ya Kasulu kwenda Kibondo sitaieleza. Aliyeipita anaijua, na ambaye hajaipita ana bahati yake. Esteri alifika Kibondo Jumatano saa tano asubuhi akiwa na rangi ya barabara tangu kilemba hadi kandambili.

Gereji ya Pasikali ni kiwanja, shimo moja, na injini ambayo mwenyewe alifariki kabla haijapona. Miguu miwili ilikuwa imechomoza chini ya Landrova. Esteri aliitambua. Akaipiga teke la wastani.

"Toka."

"Nani?"

"Mjane wa Nizigiyimana."

Miguu ikaacha kutikisika.

"Dada, karibu. Kuna chai ndani."

"Sikuja kunywa chai. Toka chini ya gari la watu."

Pasikali akatoka, spana mkononi. Alikuwa amekonda. Esteri hakumsalimia. Alikunjua karatasi akaisoma kwa sauti, na wanaopita njiani wakapunguza mwendo.

"'Siku ya ajali, asubuhi, mwenye gari aliniuliza breki lini. Nikamjibu, jana.' Sahihi, Pasikali. Hii si sahihi yako?"

"Sahihi ni yangu. Maneno si yangu."

"Walikupa nini, kaka? Niambie tu. Ng'ombe? Nijue bei ya shemeji yako."

"Sikupewa kitu! Mimi sikusema jana. Nilisema ejo."

Esteri akaishusha karatasi.

Sasa, msomaji wa Dodoma, nawe wa Mtwara, vuta kiti. Esteri na Pasikali walibebwa mgongoni kutoka Burundi mwaka 1972. Evaristi naye alikuja mwaka huohuo, kwa njia hiyohiyo. Wakiwa wao kwa wao wanasema Kirundi. Na katika Kirundi siku iliyopita inaitwa ejo. Siku inayokuja nayo inaitwa ejo. Leo iko katikati, inalindwa pande zote mbili.

Usicheke. Watu hawa wanaoa, wanapanda na wanavuna bila kupotea. Ukimwambia mtu utakuja ejo, hatakupakulia chakula cha jana. Sentensi inajisemea yenyewe. Shida inakuja pale fundi mwenye spana mdomoni anapoulizwa swali la maneno mawili naye akajibu kwa neno moja.

"Ulimaanisha ipi?" Esteri akauliza polepole.

"Kesho! Alhamisi ile sikuwa na raba ya breki hata moja. Zilikuwa zinakuja na basi la Ijumaa kutoka Kigoma. Ningezitengeneza jana yake kwa kutumia nini, maganda ya ndizi?"

"Na askari?"

"Askari alikuwa kijana wa Musoma. Akataka yaliyosemwa neno kwa neno, nami nikampa neno kwa neno. Akatoa kichwa dirishani akamuuliza mama muuza chai, ejo maana yake nini. Mama akasema jana."

"Alidanganya?"

"Hakudanganya. Ejo ni jana."

Esteri akakaa juu ya tairi. Kwa mwaka na zaidi alikuwa akiwatafuta waongo. Sasa alikuwa amefika mwisho wa uongo na hapakuwa na mwongo. Palikuwa na fundi mkweli, askari mwenye bidii, na mama aliyejua lugha yake. Alikasirika kuliko siku zote.

"Kwa nini hukurudi kusahihisha?"

"Nilisaini bila kusoma. Nilikuja kusikia baadaye. Nikaogopa. Waliniambia kama breki zilikuwa mbovu, wa kwanza kulala ndani ni fundi."

"Mwaka mzima, kaka?"

"Mwaka mzima."

Pasikali akaanza kulia. Alijifuta kwa kitambaa cha grisi, akawa mweusi mpaka masikioni. Wakati mwingine Esteri angecheka.

"Ijumaa utasimama?" akauliza.

"Nitasimama."

*

Msomaji mmoja wa Titye ameniandikia barua akitaka Evaristi apigwe radi. Nimeipokea. Lakini ndugu yangu, tukimpiga radi, nani atawasomesha wale watoto? Tumwache mzima kidogo.

Ijumaa mahakama ilijaa mpaka madirishani. Evaristi alikaa mbele na kaunda suti yake ya kijivu. Ni mzee wa kanisa, ana malori matatu, na msibani kwa Nizigiyimana alileta gunia la mchele na kamba za kushushia jeneza. Aliliimbia pia. Ana sauti nzuri.

Pasikali akaapa, akaeleza. Raba hazikuwepo. Aliulizwa breki lini, akajibu ejo, maana yake kesho.

Hakimu akamgeukia karani wake.

"Ejo ni nini?"

"Jana, Mheshimiwa."

"Kesho, Mheshimiwa," akasema askari wa mlangoni, ambaye hakuulizwa.

Hakimu akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mmoja wenu anadanganya mahakama."

"Hapana, Mheshimiwa," akasema karani. "Wote tunasema kweli."

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Sasa nyinyi mkialikwa harusi, mnajuaje kama haijapita?"

"Tunaangalia maneno yaliyolizunguka, Mheshimiwa."

"Na hapa limezungukwa na nini?"

"Halikuzungukwa. Liko peke yake."

Wakili wa Evaristi akasimama. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kula.

"Mheshimiwa, fundi ni kaka wa mdai. Mwaka jana ejo yake ilikuwa jana. Leo dada yake amemfuata Kibondo, imekuwa kesho. Lakini sisi hatutabishana naye. Naomba mteja wangu aseme."

Evaristi akapanda kizimbani. Aliongea taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Pasikali ni mkweli. Alisema ejo, kwa masikio yangu. Nami nilisikia jana. Nikajua breki zimetengenezwa, nikamruhusu dereva aondoke. Kama nilisikia vibaya, Mungu anisamehe. Lugha ni yetu sote."

Watu wakaguna. Wazee wawili nyuma wakatikisa vichwa kukubali, maana kila mmoja wao aliwahi kufika mahali siku moja kabla au siku moja baada.

Siku tatu Esteri alikuwa amelibeba neno lile kama dawa. Kumbe lilikuwa linatibu pande zote mbili. Lilikuwa limemsafisha kaka yake, na sasa linamsafisha Evaristi. Asiyesafishwa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amezikwa na jina la mzembe.

"Mdai, una swali kwa shahidi?" hakimu akauliza.

Esteri akamtazama Mzee Tharsisi. Mzee Tharsisi akatazama dari. Alikuwa amechapa maswali kumi na moja, na yote yalihusu breki.

"Ninayo," Esteri akasema. "Naomba nimuulize kwa lugha yetu."

"Karani atafsiri."

Esteri akakunja karatasi ya maswali, akaiweka chini ya kilemba. Akamgeukia Evaristi kwa adabu zote.

"Mzee, mwaramutse."

"Anamsalimia," akasema karani.

"Nimeelewa," akasema hakimu.

Kuanzia hapo waliongea Kirundi, na mimi nawaletea Kiswahili.

"Mzee, siku ile mvua ilikuwepo?"

"Ilikuwepo wiki nzima. Mwaka ule nani hakumbuki mvua?"

"Na mahindi ya kambini yalikuwa yamepakiwa?"

"Tangu Jumatano jioni. Magunia mia moja."

"Turubai lilikuwa zima?"

Evaristi akasita. Wakili wake akainua kichwa, lakini swali halikuwa la breki, akakiinamisha.

"Lilikuwa na matundu. Turubai zote zina matundu."

"Kwa hiyo yalikuwa yanalowa."

"Yalikuwa yanalowa! Na watu wa kambini wanayasubiri, na jina langu ndilo liko kwenye mkataba. Nyinyi mnadhani kazi hii ni mchezo."

"Ni kweli, mzee. Lakini mtu mwenye kazi kubwa kama wewe, ungesubiri kidogo tu."

Alilisema kwa sauti ya mtoto anayeshauri wakubwa. Hakuna kitu kinachomchoma mzee wa kanisa mwenye malori matatu kama hicho.

"Kidogo!" Evaristi akapiga ukingo wa kizimba. "Nisubiri mpaka ejo, mahindi yaote ndani ya gari?"

Wasikilizaji wanaojua lugha wakavuta pumzi kwa pamoja. Askari wa mlangoni akasema "Yee!" kisha akakumbuka kazi yake.

"Tafsiri," akasema hakimu.

Karani akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Anasema, asubiri mpaka ejo, mahindi yaote ndani ya gari."

"Ejo ipi?"

Wakili alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa, napinga! Karani mwenyewe ameiambia mahakama hii kwamba ejo ni jana!"

Hakimu akamgeukia.

"Wakili," akasema, "wewe umewahi kusubiri mpaka jana?"

Wakili akakaa. Evaristi akabaki amesimama, mkono juu ya ukingo, na taratibu akaelewa alichosema. Hakimu akaandika, na wote wakaisikia kalamu ikiandika.

Esteri alilia palepale mbele za watu. Alilia kwa furaha, na kwa uchungu zaidi ya furaha, kwa sababu sasa alikuwa na hakika. Mtu huyu alijua. Aliambiwa kesho, akaona kesho ni mbali, akaliachia lori lishuke. Kisha akaja kuimba.

*

Ungekuwa wewe, msomaji, ungekwenda nyumbani. Mimi pia. Lakini mlango wa mahakama ukafunguliwa, akaingia Makarius.

Makarius ni mdogo wake marehemu, shemeji yake Esteri. Tangu kesi ianze hakuonekana hata siku moja. Alisema ana ng'ombe anayeumwa. Leo alikuwa amevaa viatu.

Hakumtazama shemeji yake. Alipita moja kwa moja mpaka kwa wakili, akampa bahasha, akarudi kusimama ukutani.

"Mheshimiwa," wakili akasema, na uso wa mtu aliyekula ukarudi, "hii tulitumaini isihitajike, kwa heshima ya familia. Ni makubaliano ya ukoo, yenye muhuri wa kijiji. Familia ya marehemu imekiri kwamba imepokea rambirambi za mteja wangu, imemsamehe, na haitamdai jambo lolote, mahali popote, milele."

"Imesainiwa na nani?"

"Makarius, kwa niaba ya ukoo. Na mjane, kwa niaba yake na watoto."

"Mimi?" Esteri akasema.

Hakimu akaigeuza karatasi kuelekea dirishani. Chini yake palikuwa na dole gumba, la wino mweusi, lililokolea vizuri.

"Mdai, unajua kuandika?"

"Najua, Mheshimiwa. Nilimaliza darasa la saba. Madai yangu nimesaini kwa mkono."

"Ndiyo maana nauliza. Karani, lete wino."

Karani akaleta. Akalishika dole la Esteri, akalibonyeza kwenye karatasi nyeupe, akaiweka kando ya ile nyingine. Katikati ya dole kulikuwa na mstari mweupe, kovu la mundu, limekata kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika karatasi ya Makarius kulikuwa na mstari uleule.

Hakuna aliyehitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

"Dole ni lako?" hakimu akauliza.

Mzee Tharsisi akamfanyia ishara ya kutojibu. Esteri aliiona. Lakini alikuwa ameapa, na alikuwa amechoka na maneno yenye pande mbili.

"Ni langu, Mheshimiwa."

Chumba kizima kikanong'ona. Makarius akatazama viatu vyake.

"Basi uliliweka lini?"

"Sikuliweka."

"Mama, umesema ni lako."

"Ni langu. Lakini sikuliweka. Karatasi hiyo ina tarehe gani?"

Hakimu akaangalia. Akaitaja.

"Ni siku ya mazishi," Esteri akasema. "Udongo ulipoanza kushuka nilianguka. Nilizimia mpaka jioni. Nilipozinduka kidole kilikuwa kichafu. Nilijua ni udongo wa kaburi la mume wangu, nikakaa siku mbili bila kukiosha."

Hakimu aliacha kuandika. Wanawake waliokuwa dirishani waliacha kusukumana.

"Makarius alikuwa karibu yako ulipozimia?"

"Hapana, Mheshimiwa. Makarius alikuwa anafukia kaburi. Watu wote walimwona."

"Basi mtu mwingine alikushika mkono. Nani alikuwa nawe mchana ule?"

Esteri alijua. Kila mwanamke aliyekuwepo msibani alikuwa amemsimulia, tena kwa kusifu, jinsi mtu mmoja alivyombeba kutoka kaburini, akamlaza kwenye mkeka chumbani, akakaa peke yake pembeni yake mpaka jioni bila kuuachia mkono wake. Kila usiku tangu siku ile alikuwa akimtaja mtu huyo katika sala zake.

"Mama," hakimu akasema kwa upole, "nimekuuliza jina."

Esteri akageuka kutazama benchi la mashahidi. Pasikali, kaka yake, alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake yote miwili alikuwa ameikalia.